Huyo Hostesi Hajakununia: Venye Usumbufu Kidogo Huleta Noma Ndani ya Ndege

Machi 2014, siku ya Holi, wahudumu wa SpiceJet ya India waliingia katikati ya viti na kuanza kudensi ngoma ya Bollywood, ndege ikiwa juu angani. Abiria wakatoa simu. Vidio ikavuma kila mahali. Ingekuwa ni leo, wewe pia ungeiweka kwa stetasi, usidanganye.

Serikali haikucheka. DGCA, mamlaka ya usafiri wa anga ya India, ilisimamisha marubani wawili na kuitaka kampuni ijieleze. Wasee wengi waliona ni kuharibia watu raha tu. Lakini hebu jiulize: hizo dakika zote za kudensi, nani alikuwa anaangalia kabini?

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea rada. Tunadhani hostesi ni weita wa angani, mwenye yunifomu safi na Kizungu cha puani. Ukweli ni kwamba juisi ni kazi ya ziada. Yuko ndani juu siku moja mnaweza kulazimika kutoka mbio. Ndege kubwa ya abiria haipati kibali kabla mtengenezaji athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Na nchi nyingi hutaka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Hiyo hesabu haikupigwa kwa kuangalia trei za chakula.

Sasa tuongee kuhusu mlango, juu hapo ndipo akili kuhama kidogo hugharimu chapaa na wakati mwingine damu. Kabla ndege iondoke, utasikia wahudumu wakiambiwa waweke milango tayari. Maana yake ni hii: ule mpira mkubwa wa kuteleza wakati wa dharura unaunganishwa na mlango. Kuanzia hapo, mtu akifungua mlango kutoka ndani, mpira unafura kwa sekunde chache na kurukia nje kwa nguvu ya ajabu. Mkifika, lazima kila mmoja autenganishe kabla mlango kufunguliwa, alafu akague wa mwenzake upande ule mwingine.

Rahisi, si ndio? Sasa weka maisha halisi ndani. Ndege imesimama tu na nyinyi wote mko wima, mnavuta mabegi kama abiria wa mat waliofika Kencom. Mmoja anauliza koti lake liko wapi. Mama ana mtoto analia. Mwingine atakosa ndege ya kuunganisha na anataka majibu sasa hivi. Mhudumu mkono ulikuwa umeanza kwenda kwa mlango, anageuka kujibu, akirudi akili inamwambia ameshamaliza. Mwenzake naye anatupa jicho, anaona alichozoea kuona, anasema sawa. Mlango unafunguliwa. Boom.

Kama kuna mfanyakazi amesimama hapo nje, anaweza kuumia vibaya. Hata kama hakuna, hiyo ndege haiendi popote hadi mafundi wamalize, na abiria wa safari inayofuata wanaanza kutukana kampuni mtandaoni. Na kitu wengi hawaamini ni kwamba hii huwapata hata wazoefu. Mgeni anasoma kila hatua. Mzoefu mkono wake unajiendesha, na mkono unaojiendesha ukikatizwa hauwezi kukumbuka uliachia wapi.

Marubani walijifunza hii kitu kwa njia mbaya. Septemba 11, 1974, ndege ya Eastern ilianguka ikienda kutua Charlotte, Marekani, kwenye ukungu. Wachunguzi waliposikiza rekodi, walikuta marubani wakipiga stori za siasa na magari ya mitumba wakati walipaswa kuwa wanaangalia ndege iko juu kiasi gani. Kati ya watu 82, zaidi ya 70 walikufa. Mwaka wa 1981 Marekani ikaweka sheria: chini ya futi 10,000, stori zisizohusu kazi marufuku, na wahudumu pia wasiwasumbue marubani na mambo madogo.

Wahudumu wenyewe nani anawalinda na usumbufu? Hapa mimi nalaumu makampuni kuliko hao madem na maboy. Nairobi hadi Mombasa ndege iko hewani chini ya saa moja. Ndani ya huo muda unataka wagawe vinywaji, wakusanye takataka, watabasamu, wakague mikanda, na wawe wametulia kichwani kabla ya kutua. Kitu lazima kikimbizwe, na abiria huwa hawalalamiki mikanda ikikaguliwa haraka. Wanalalamika wakikosa juisi. Alafu siku hizi kuna mambo ya TikTok na yunifomu. Ukiwa hotelini umepumzika, rekodi utakavyo. Ukiwa na mlango wako, simu ikae kwa begi.

Ukitaka kuona akili iliyotulia inafanya nini, angalia Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024. Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikitua, ikashika moto. Watano kati ya sita kwenye ile ndogo walikufa. Kwa ile kubwa wote 379 walitoka hai. Spika za ndani zilikuwa zimekufa, kwa hivyo wahudumu walitumia megafoni na koo zao. Kati ya milango minane, mitatu tu ndio ilitumika, juu kwingine kulikuwa na moto. Hakuna kufungua kabla ya kuchungulia nje. Na abiria waliacha mabegi, kitu ambacho sina uhakika sisi tungefanya.

Kabla ya kuruka na kabla ya kutua, utamwona amekaa kwa kile kiti kidogo, amefunga mkanda, hacheki na mtu. Wengi wao wamefunzwa kupitia mambo kimyakimya dakika hiyo: mlango wangu unafunguka vipi, moto ukiwa upande huu naenda wapi, ni nani hapa karibu mwenye nguvu za kunisaidia. Na ni hapo tu ndipo wewe unabonyeza kile kitufe cha kuita, unataka kuuliza kama Wi-Fi imerudi.