"Baba, ni kweli ile ndege ilitunguliwa?"

Jumapili iliyopita mwanangu wa miaka 11 alinijia na simu ya mama yake mkononi. Alikuwa ametazama video fupi, zile za sauti nzito na muziki wa kutisha, na swali lake lilikuwa limeshaiva: "Baba, ni kweli ndege ya wachezaji wa Zambia ilitunguliwa na jeshi la Gabon?"

Nilitaka kumwambia aachane na mambo ya mitandaoni, akalale. Ndilo jibu la wengi wetu tukiwa tumechoka. Lakini uvumi huohuo niliusikia mimi kijiweni nikiwa na umri kama wake, na hakuna mtu mzima aliyenikalisha chini kunieleza. Nikamwambia aketi.

Nilianza na yasiyo na ubishi. Aprili 27, 1993, usiku, ndege ya Jeshi la Anga la Zambia aina ya Buffalo iliruka kutoka Libreville, mji mkuu wa Gabon, ilikokuwa imetua kujaza mafuta. Muda mfupi baadaye ilianguka baharini, si mbali na ufukwe. Walikuwamo watu 30, wachezaji 18 miongoni mwao. Hakupona hata mmoja. Walikuwa wakienda Dakar kucheza na Senegal, kuwania nafasi ya Kombe la Dunia la 1994. Siku mbili kabla ya ajali walikuwa wameifunga Mauritius 3-0.

Alitaka kujua kama walikuwa wazuri. Nikamwambia kipa Efford Chabala na wenzake kadhaa ndio walioifunga Italia 4-0 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Kocha wao, Godfrey Chitalu, naye aliwahi kuwa mfungaji hatari sana. Kalusha Bwalya alinusurika kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi, na angesafiri peke yake kwenda Dakar.

Kisha tukafika kwenye swali lenyewe. Gabon ilitoa ripoti ya uchunguzi mwaka 2003. Ilisema injini moja ilipata hitilafu, taa ya tahadhari ikawa na kasoro, na rubani akazima injini nyingine, ile nzima. Rubani huyo alikuwa amechoka. Siku moja tu kabla alikuwa amewarudisha kutoka Mauritius. Ripoti haikutaja kombora.

"Sasa kwa nini watu wanasema ilitunguliwa?"

Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Hesabu miaka, nikamwambia. Kutoka 1993 hadi 2003 ni miaka kumi. Ndege ni ya jeshi, imeanguka usiku, baharini, katika nchi ya watu. Mama anayesubiri kuambiwa mwanawe alikufaje hawezi kukaa miaka kumi bila kuwaza. Na hata baada ya hapo, familia ziliendelea kuidai serikali yao ripoti kamili. Mimi siamini habari ya kutunguliwa. Ndege mbovu na rubani aliyechoka vinatosha kuua watu. Ila simcheki mtu wa Lusaka anayeiamini.

Wazazi wenzangu, hili nililijua nyumbani kabla sijalijua kwenye mpira. Dada yangu alipofiwa na mumewe, watoto wake wadogo tuliwaambia baba amesafiri. Tuliona tunawaonea huruma. Ilipita miezi ndipo tukagundua kwamba yule wa kati alikuwa ameshajipatia jibu lake: baba ameondoka kwa hasira kwa sababu yeye alivunja redio. Hakuna aliyemwambia hivyo. Tuliacha pengo, akalijaza mwenyewe, na alilijaza kwa kujilaumu. Mpaka leo nikimwona naona haya.

Kwa hiyo sikumnyang'anya mwanangu simu. Tuliirudia ile video pamoja, nikamwuliza nani anazungumza. Hakuna jina. Amejuaje? Hasemi. Ametaja ile ripoti ya 2003? Hapana, ameiruka kabisa. Mwishoni aliweka picha za majeneza, na hapo niliisimamisha, kwa sababu mdogo wake wa miaka sita alikuwa amesogea. Kwa yule mdogo nilisema tu kwamba ndege iliharibika, watu wakafa, na wakazikwa kwa heshima Lusaka karibu na uwanja wa mpira. Alitosheka, akarudi kwenye katuni zake.

Mkubwa hakutosheka. Akauliza kama Zambia waliwahi kurudi tena kule. Nikafurahi kuulizwa hilo, maana walirudi. Februari 2012 fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ilichezwa Libreville. Kabla ya mechi, wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Kalusha alikuwapo, sasa akiwa rais wa chama chao cha soka. Wakatoka 0-0 na Ivory Coast ya kina Drogba, wakaenda kwenye penalti, wakashinda 8-7.

Hakuamini kwamba penalti zinaweza kufika huko. Tukazitafuta, tukazitazama moja baada ya nyingine hadi ile ya mwisho ya Stoppila Sunzu, mama yake akiwa amesimama mlangoni akidai simu yake.