Hesabu si ya wenye feza peke yao



Wakubwa wa inchi wanapenda kutaja mufupa wa Ishango. Ulipatikana mwaka 1950 huku kwetu, kando ya Ziwa Edward, pale mto Semliki unatokea. Uko na alama zilizokatwa kwa vikundi, na umri wake ni karibu miaka 20 000. Wengi wanaona mule kazi ya mutu aliyekuwa anahesabu. Leo uko Bruxelles.

Sawa. Kama babu zetu walihesabu, kwa nini wajukuu wao wanaogopa hesabu?

Wanatuambia hesabu ni ya watoto wachache wenye akili. Tunakataa. Muangalie mutoto anayeuzisha makala kwa soko: anageuza dola kuwa franka, anatoa faida, anarudisha chenji, yote kwa kichwa. Kesho yake, mbele ya ubao, anaitwa kichwa ngumu. Akili yake haikupotea njiani. Masomo njo haikuitafuta.

Masomo ya musingi bila malipo ilianza Septemba 2019. Ni haki yetu, iko ndani ya Katiba, kifungu cha 43, na hatutakubali irudi nyuma. Lakini serikali ilifungua mulango bila kuongeza madarasa ya kutosha. Mwalimu akiwa na watoto waliobanana kwa banki, atajua vipi ni nani alifika kwa jibu kwa njia yake mwenyewe? Na walimu wengine, wale wanaitwa « nouvelles unités », wanafundisha bila mushahara wa serikali. Mwalimu mwenye njaa hawezi kulea kipaji cha mutoto wa mutu.

Kisha inakuja Exetat, na maswali yake ya kuchagua jibu. Mwaka muzima mwanafunzi anazoezwa kutafuta herufi, hatafute njia. Wengine wananunua herufi hizo, zinawafikia kwa simu. Na yule anayeuliza « kwa nini? » anaambiwa anachelewesha wenzake. Vile njo tunazima vipaji.

Si jambo dogo. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Ni nani atapima tani? Ni nani atasoma mikataba na kutafuta asilimia yetu ilienda wapi? Asiyejua kuhesabu anaibiwa mbele ya macho yake, na anasema aksanti.

Tunadai:
1. Kila mwalimu anayefundisha alipwe, na walimu wa hesabu wapewe mafunzo ya kweli.
2. Exetat ya hesabu iombe mwanafunzi aonyeshe njia aliyopita, isiombe herufi tu.
3. Wanaouza majibu wafuatwe na sheria, hata kama ni wakubwa.

Na sisi tusikae kungojea. Wewe uliyesoma math-physique, jumamosi hii kusanya watoto watano wa avenue yako, wasichana na wavulana. Wape swali moja gumu. Usitoe jibu. Waache wabishane saa moja, na aliyekosea aeleze alifikiri nini, bila kuchekwa. Haiombe makuta: chaki na ukuta zinatosha.

Mufupa ulienda Bruxelles. Vichwa vya watoto wetu viko bado hapa. Tuvilinde.