Mtoto Aliyesema Ajibiwe

Mtoto mdogo aghalabu hasemi mara mbili. Akieleza linalomsumbua, akakemewa au akapuuzwa, hujifunza kunyamaza. Na likimfika kubwa zaidi, hulimeza. Kwa hiyo ulinzi wa watoto shuleni huanza na namna tunavyopokea malalamiko yao madogo.

Tutazame yanayotokea katika shule zetu za msingi. Mtoto mwenye macho dhaifu ameketishwa nyuma, haoni ubao, ananakili makosa, kisha anaadhibiwa kwa uzembe. Msichana wa darasa la sita anabaki nyumbani siku za hedhi kwa kuwa choo hakina maji wala mlango. Mwingine ananyang'anywa uji na wakubwa wake. Mitihani hutuonyesha kwamba wameshuka. Sababu wanaijua wao wenyewe, na tusipowauliza hatutaijua.

Sheria nayo imekwisha kusema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kwa upande wa Bara, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria imeyaweka pamoja maoni na ustawi, nasi tusiyatenganishe.

Wako watakaosema kwamba mtoto akipewa nafasi ya kusema atakosa adabu. Hofu hiyo naiheshimu, maana sote twataka watoto wenye adabu. Lakini mtoto anayefundishwa kungoja zamu yake, kusema kweli bila matusi, na kukubali akikataliwa kwa sababu aliyoelezwa, huyo analelewa katika adabu. Anayenyamaza kwa kuogopa fimbo amejifunza woga tu, na wanaowadhuru watoto hutegemea woga huo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ole wetu sisi tunaomzoeza mtoto kuyaficha!

Basi tufanyeje? Kwanza, sanduku la maoni lisiwe pambo la ukutani. Ufunguo ukikaa kwa mwalimu mmoja, nani atathubutu kuandika habari za mwalimu huyo? Lifunguliwe kila wiki na mwalimu wa malezi pamoja na mjumbe wa kamati ya shule asiye mwalimu. Majibu yatolewe paredini: lipi limetengenezwa, lipi linasubiri fedha, lipi haliwezekani na kwa nini. Mambo ya siri yasisomwe hadharani. Yapelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, na watoto wafundishwe namba 116, simu ya kuwasaidia watoto. Wa darasa la kwanza na la pili, ambao kuandika bado kunawapa taabu, waketi na mwalimu waulizwe kwa upole.

Pili, viranja wasihesabiwe kuwa ndio sauti ya wanafunzi. Kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele hawezi kupokea siri za wenzake hao hao. Baraza la wanafunzi lichaguliwe na wanafunzi wenyewe, wasichana na wavulana, na wenye ulemavu wasisahauliwe. Hoja zake zifike kwenye kikao cha kamati ya shule.

Najua walimu wetu wana madarasa yaliyofurika na kazi nyingi. Ndiyo sababu mzigo huu si wao peke yao. Walimu wakuu, tengeni dakika chache za majibu katika paredi ya kila Ijumaa. Wanakamati, ulizeni katika kila kikao: watoto wamesema nini, na wamejibiwa nini? Nanyi wazazi, mtoto akirudi jioni msiishie kumwuliza amepata ngapi. Mwulizeni pia nani amemwonea na nini kimemtisha, kisha mfuatilie. Mtoto aliyejibiwa leo kuhusu mlango wa choo ndiye atakayethubutu kesho kumtaja mtu anayemdhuru.