Mche wa mchungwa usinunuliwe kwa macho

KILA mvua zinapokaribia, miche ya matunda hupangwa kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, na mchungwa haukosekani. Muuzaji hutaja Valencia, msasa au Jaffa, mnunuzi hutazama majani, bei hupatana, na mche hupakiwa kwenye bodaboda kwenda Kerege, Zinga au Kiwangwa.

Hatuna ugomvi na biashara hiyo, maana inawapa watu riziki halali. Tunachosema ni kwamba mche wa mchungwa haujulikani kwa kuutazama majani, na anayelipa gharama ya kutojua ni mkulima.

Gharama ya kwanza ni muda. Mchungwa uliobebeshwa kwenye shina la mlimao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi minne. Uliooteshwa kwa mbegu unaweza kuchukua miaka saba au zaidi. Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, ekari moja huingia miche kama 110. Aliyeuziwa mche wa mbegu kwa jina la mche wa kubebesha hutambua hilo akiwa amekwisha kupalilia na kumwagilia kwa miaka, na muuzaji hayupo tena.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ugonjwa ambao wataalamu huuita huanglongbing. Hauna tiba. Huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu, na pia na vikonyo vya kubebeshea vilivyokatwa kwenye mti mgonjwa. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mdudu wa Asia anayeueneza ameonekana Tanzania, kwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki. Jamaa yake wa Kiafrika hupendelea miinuko yenye baridi, lakini huyu hustawi kwenye joto. Joto ndiyo hali yetu ya pwani.

Wanaodhani ni jambo dogo watazame jimbo la Florida, Marekani. Ugonjwa huo uligunduliwa huko mwaka 2005. Kufikia msimu wa 2024/25, mavuno ya machungwa yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 yakilinganishwa na msimu wa 2003/04.

Mkulima wa pwani ana ugumu wake wa pekee. Kwingine, tunda linalobaki kijani ni dalili ya ugonjwa. Kwetu chungwa zima huiva likiwa bado kijani, kwa kuwa usiku hauna baridi ya kuligeuza rangi. Kwa hiyo tusitegemee rangi ya ganda. Tutazame jani lenye mabaka ya njano yasiyofanana pande mbili za mshipa wa kati, na tunda dogo lililopinda, lenye maji machungu na mbegu zilizosinyaa. Ukiona hayo, mwite ofisa ugani kabla ya kukata kikonyo chochote kwenye mti huo.

Ni rai yetu kwamba mnunuzi adai mambo matatu: aoneshwe kovu la kubebeshea, aelezwe vikonyo vilikatwa mti gani, na apewe risiti yenye jina na simu ya muuzaji. Asiyeweza kujibu, asiuze.

Kwa halmashauri za Bagamoyo na Chalinze, tunashauri vitalu vyote viandikishwe na vikaguliwe kwa kushirikiana na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI) na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Wenye vitalu wasifukuzwe barabarani. Wafundishwe, na wapatiwe miti mama iliyopimwa ya kukatia vikonyo, kwa bei wanayoimudu.

Mchungwa ukitunzwa huzaa kwa miongo kadhaa. Mkulima anayepanda leo anawapandia na watoto wake, na ana haki ya kujua anachopanda.