Mita Moja ya Pembeni

Baiskeli katika miji ya Tanzania haipiti barabarani. Inapita ukingoni, katika mita moja hivi iliyobaki kati ya tairi la daladala na mtaro. Hapo ndipo anapopita muuza maziwa, fundi anayewahi saiti na mfuko wa vifaa nyuma ya kiti, na vijana wanaoingiza mkaa Dar es Salaam alfajiri kutoka upande wa Kisarawe na Mkuranga, magunia yakiwa yamewazidi kimo. Na hapo hapo ndipo mji unapoweka kila kilichokosa mahali: kokoto za anayejenga, tope lililozolewa mtaroni, meza ya chipsi, bajaji inayosubiri abiria, viroba vya taka vinavyongoja gari ambalo halikuja juzi. Makala za toleo hili zinahusu madiwani, baiskeli na mazingira ya mtaani. Kwa hakika zinahusu mita hiyo moja, ingawa si waandishi wote wanaokubali kuishia hapo.

Wengi wangependa kuzungumzia njia maalumu za baiskeli. Ndiko makongamano ya usafiri mijini huishia kila mwaka: picha za Amsterdam ukutani, azimio la kurasa mbili, picha ya pamoja, chakula cha mchana. Dar es Salaam inazo njia hizo tayari. Zilijengwa pamoja na awamu ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na mradi mzima ukalipatia jiji Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Leo wanaozifaidi zaidi ni bodaboda. Hata hivyo tatizo lake kubwa si bodaboda. Njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro haina faida kwa mtu ambaye nusu ya safari yake imo ndani ya Manzese au Mabibo, kwenye vichochoro ambako hakuna mfadhili aliyewahi kukata utepe. Safari ya baiskeli huanzia mlangoni, na kati ya mlango na barabara kuu kuna kata nzima yenye diwani wake.

Hapo ndipo linapoingia jibu ambalo limekuwa kama wimbo kwenye vikao: diwani hana meno tangu ije TARURA. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulichukua kazi ambayo zamani ilikuwa ya halmashauri, ukachukua na wahandisi wake na fungu lililokuwa likitoka Mfuko wa Barabara. Ni kweli pia kwamba fedha zilipoongezwa mwaka 2021, kwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta, zilikwenda kwa wakala, hazikupitia baraza la madiwani. Diwani akiulizwa shimo la mtaani kwake, anaelekeza kidole kwa meneja wa TARURA wa wilaya. Meneja naye anaelekeza kwenye bajeti. Makala mbili katika toleo hili zinaieleza hali hiyo kwa uchungu, na kwa upande wa sheria ziko sahihi.

Zinachokosea ni hesabu. Baiskeli haihitaji lami kwanza. Inahitaji ukingo ulio wazi, mtaro uliofunikwa, gari linalopunguza mwendo na kivuli cha kupumzikia. Katika hayo manne, matatu yamo mikononi mwa halmashauri kwa sehemu kubwa, na la nne si la TARURA peke yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 bado inalipa baraza uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika zikishaidhinishwa na waziri. Usafi na uzoaji wa taka ni wa halmashauri. Vibali vya ujenzi ni vya halmashauri. Mipango miji, masoko, shule za msingi za serikali, miti ya mitaani: yote hayo hayakuhamia kwenye wakala. Kilichoondoka mwaka 2017 ni katikati ya barabara. Yanayotokea ukingoni, kwa sehemu kubwa, yalibaki.

Mtaro ndio mfano ulio wazi kuliko yote, na inashangaza kwamba katika makala zote zilizowasilishwa ni moja tu iliyoutaja, tena katika mabano. Mtaro wa mtaani hujengwa na mamlaka ya barabara, lakini taka zinazouziba ni suala la usafi, na usafi ni wa halmashauri. Mifuniko ya zege huwekwa wakati wa ujenzi. Ikishavunjwa ili nondo zake ziuzwe kama vyuma chakavu, hakuna anayejua ni ya nani. Mwendesha baiskeli anayesukumwa pembeni na daladala anakutana na pengo la upana wa mfuniko mmoja, gurudumu la mbele linaingia, na mzigo unamfuata mgongoni. Tukio la namna hiyo mara nyingi halifiki polisi kwa sababu hakuna gari lililogonga. Halifiki TARURA kwa sababu barabara haikuharibika. Halifiki idara ya usafi kwa sababu hakuna aliyelalamikia taka. Mahali pekee ambapo pande zote tatu zinaweza kuulizwa kwa pamoja ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa pamoja, ni ushahidi wa pili. Wakazi hutoka na makoleo, hufukua tope jeusi na chupa za plastiki, hulirundika kando ya mtaro, hupiga picha, kisha huondoka. Gari la kulizoa halikupangwa, kwa kuwa ratiba ya usafi na ratiba ya magari huandikwa na watu tofauti. Wiki nzima rundo linakauka juu ya ule ule ukingo, waenda kwa miguu wanashuka barabarani kulikwepa, baiskeli nazo zinasogea katikati. Ikinyesha mvua, tope linarudi mtaroni lilikotoka. Kata moja ikiamua kwamba hakuna kufukua mtaro kabla gari la kubeba tope halijapatikana, itakuwa imewafanyia waendesha baiskeli jambo kubwa kuliko azimio lolote la kongamano. Uamuzi huo hauhitaji mfadhili wala mhandisi. Unahitaji mtendaji wa kata, mkandarasi wa taka, na diwani anayejua siku ya gari.

Vibali vya ujenzi ni habari hiyo hiyo. Anayejenga hupewa kibali na halmashauri, na lori lake humwaga mchanga mahali lilipoweza kusimama, yaani barabarani. Sheria ndogo za kukataza kifusi njiani zipo katika halmashauri nyingi. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuuliza. Sharti moja ndani ya kibali, kwamba vifaa vikae ndani ya kiwanja au vitolewe njiani katika muda uliowekwa, linaweza kusimamiwa na mtendaji wa mtaa bila kuajiriwa mtu mpya. Hili si jambo la kupendeza kuliandikia makala, na huenda ndiyo sababu halikuandikiwa.

Kisha kuna asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vya vijana vimekuwa vikikopeshwa bodaboda na bajaji kwa wingi, na hafla za kuzikabidhi hupambwa kwa maturubai na muziki. Hakuna ubaya kijana kupata kazi. Lakini baraza linalopitisha orodha hiyo ni lile lile linalolalamika kwamba mitaa imejaa pikipiki na kwamba ukingo wa barabara umegeuka kijiwe. Guta la kubebea mizigo sokoni, karakana ya baiskeli na kikundi cha kuzoa taka kwa baiskeli za magurudumu matatu vinaweza kuajiri vijana wa kata hiyo hiyo. Katika mijadala ya mikopo, guta huonekana kama aibu ya umaskini. Katika soko lolote la Dar es Salaam huonekana likibeba viazi.

Makala kuhusu usalama wa wanafunzi ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi katika toleo hili. Inafuatilia programu ya shirika la Amend iitwayo SARSAI, iliyofanya kazi kuzunguka shule za Dar es Salaam na kushinda Tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Hatua zake ni za bei nafuu: matuta, vivuko, alama, njia ya kutembea, na kwa baadhi ya shule kuhamisha geti kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka huo ulionesha kwamba majeruhi wa barabarani miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 26 mahali programu ilipotekelezwa. Mwandishi anahitimisha kwa kutaka fedha zaidi kutoka nje. Angeweza kuhitimisha kwa kuuliza geti la shule ya msingi ni la nani. Ni la halmashauri, na kulihamisha ni kazi ya fundi ujenzi na mchomeleaji.

Mifano ya ng'ambo imepewa nafasi ndogo kwa makusudi, isipokuwa Groningen, kwa kuwa habari zake husimuliwa vibaya. Mji huo wa Uholanzi haukuanza na njia nzuri za baiskeli. Max van den Berg aliingia katika baraza la mji akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akakabidhiwa masuala ya usafiri, na Septemba 1977 mpango aliousimamia ukaigawa katikati ya mji kuwa maeneo manne ambayo gari haliwezi kuvuka kutoka moja hadi jingine bila kuzunguka nje. Vilivyotumika zaidi vilikuwa alama, vizuizi na mitaa ya njia moja. Wenye maduka walikasirika sana. Diwani wa Tanzania hawezi kuifanya mitaa kuwa ya njia moja bila TARURA na polisi, kwa hiyo mpango wenyewe haunakiliki. Kinachonakilika ni mwanzo wake: baraza lilitumia mamlaka liliyokuwa nayo tayari, na halikungoja fungu la barabara.

Waltham Forest, mashariki mwa London, inatajwa na mwandishi mwingine kwa sababu ya jeneza ambalo wapinzani wa mradi wa kupunguza magari mitaani walilibeba mwaka 2015, wakidai biashara za eneo hilo zinazikwa. Chama kilichoongoza mradi kilishika tena halmashauri katika chaguzi za 2018 na 2022. Madiwani wanaoogopa wenye magari katika kata ambako wakazi wengi hawana gari wangefaa kuisoma makala hiyo mara mbili.

Makala kutoka Nairobi inakumbusha kwamba sera ya kaunti ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Ahadi ya asilimia ni rahisi kuiandika kuliko kuikagua. Ile ya Tanga ni fupi na ina picha nzuri. Ya Zanzibar inaonesha namna baiskeli zinavyoendelea katika vichochoro vya Mji Mkongwe kwa sababu gari halipiti, jambo ambalo hakuna diwani aliyelipanga.

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Kudai ukingo wazi kunaweza kusomwa kama mwaliko wa kuwafukuza wamachinga kwa mara nyingine. Mwaka 2021 waliondolewa kando ya barabara kwa hoja hiyo hiyo ya kuwapa njia waenda kwa miguu, na baadhi ya sehemu zilizobaki tupu zikageuka maegesho ya magari. Meza ya mama ntilie ina upana unaojulikana na inaweza kusogezwa nusu mita kwa mazungumzo. Gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu lina upana wa karibu mita mbili na mwenyewe hayupo. Sheria ndogo inayoanza na meza na kuliacha gari imetungwa kwa kuangalia nani ana sauti, haikuangalia nani anaziba njia.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya kata huandikwa miezi mingi kabla ya hapo, kuanzia mikutano ya mitaa. Atakayekwenda kuomba njia ya baiskeli ataambiwa suala hilo ni la TARURA. Atakayekwenda na orodha ya mifuniko iliyovunjika, mtaa kwa mtaa, pamoja na siku ambayo gari la taka halikuja, hawezi kuelekezwa kwingine. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na vikao vyake viko wazi kwa wananchi.