Mtaro Ulioziba Mlangoni mwa Nyanya

Kijana mmoja, msomaji wetu wa mwambao wa Kenya, ametuandikia barua ambayo twaona yafaa kujibiwa hapa barazani wala si faraghani, kwa kuwa jambo analoliuliza limo katika vichochoro vingi vya miji yetu, na watu hulinyamazia hata likazaa uadui.

Asema kwamba nyanya yake ni mjane, naye akaa katika nyumba ya mwisho ya kichochoro chenye nyumba sita. Mtaro mmoja wa wazi wapita mbele ya nyumba zote hizo. Maji ya jikoni na ya kuogea ya kila nyumba humwagwa humo, yakateremka mpaka mlangoni mwa nyanya, na kutoka hapo huingia katika mtaro mkubwa wa barabara. Tangu mwezi wa Shaabani mtaro huo umeziba, na kila inyeshapo mvua maji meusi hurudi nyuma yakaingia jikoni mwa mama huyo mzee. Alipowaendea jirani zake aliambiwa, "Umeziba mlangoni kwenu, basi ni wenu." Mjukuu akauzibua peke yake mara mbili. Mara ya pili alimkodi mtu wa kumsaidia, kisha akapita nyumba kwa nyumba kutaka gharama, wasimpe ila mmoja. Sasa nyanya hasemezani na jirani wa juu, ambaye miaka arubaini walikuwa wakipelekeana futari.

Kijana ana maswali matatu. Mtaro ni wa nani? Je, yafaa aweke mawe na saruji pale ukuta wa nyanya unapoanza, ili maji yawarudie wenyewe waonje? Na nguo zilizorukiwa na tope la mtaro, zafaa kusalia?

Twaanza na hilo la pili, maana hilo ndilo lenye moto. La, haifai. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kulipizana dhara, na maulamaa wakatoa katika hadithi hiyo kanuni ya kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Ukiliziba penye ukuta wa nyanya, maji yatajaa kwa nyumba ya tano, ambayo kwa mujibu wa barua yako mwenyewe ndiyo pekee iliyokupa fedha. Huyo mwenye makosa zaidi, aliye juu kabisa, hatapata hata tone! Wakumbuke wale watu wa jahazi aliotupigia mfano Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Nuuman bin Bashir, waliokuwa tabaka ya chini wakataka kutoboa chombo upande wao ili wapate maji bila ya kuwaudhi walio juu. Wakiachwa, huzama wote. Kichochoro ni jahazi, ewe kijana, na saruji yako ni tundu.

Sasa turejee kwenye swali la kwanza, ambalo ndilo kubwa. Hao jirani wamesema neno ambalo masikioni laonekana sawa: palipoziba ndipo penye mwenyewe. Lakini wanavyuoni wa fiqhi walilitazama jambo hili kwa makini kuliko wao. Kuanzia mwaka 1869 mpaka 1876 dola ya Uthmaniya ilikusanya hukumu za muamala katika kitabu kiitwacho Majalla, chini ya uongozi wa Ahmed Cevdet Pasha, nacho kimejengwa juu ya madhhebu ya Imam Abu Hanifa. Sisi wa mwambao wengi wetu tu Mashafii, walakini hapana ubaya wa kutazama uadilifu ulipo. Mna mlango humo unaoeleza usafishaji wa mifereji ya shirika, na mfereji wa maji ya kunyweshea shamba umetengwa na mtaro wa maji machafu. Mfereji wa shamba husafishwa tangu juu, na kila mtu ambaye kazi imekwisha kuipita ardhi yake hutoka katika gharama. Mtaro wa maji machafu ni kinyume chake: husafishwa tangu chini, na katika sehemu ya yule aliye chini kabisa washirika wote hutoa. Kazi ikipanda, yeye hutoka, kisha hutoka wa pili yake, mpaka aliye juu kabisa hubaki na sehemu yake peke yake.

Sababu yake iko wazi ukiifikiri. Maji ya nyumba zote sita yapita mlangoni mwa nyanya, bali maji ya nyanya hayapandi kwenda kupita mlangoni mwa yeyote. Basi pale kwake ndipo penye haja ya watu wote, na pale kwa wa juu pana haja ya wa juu tu.

Tufanye hesabu, kwa kuwa wengi husadiki shilingi kuliko maneno. Tuseme kazi ya kusafisha mbele ya kila nyumba ni shilingi 600. Mbele ya nyanya watatoa watu sita, kila mmoja shilingi 100, naye nyanya amekwisha. Mbele ya nyumba ya tano watatoa watu watano, shilingi 120 kila mmoja. Kisha 150, kisha 200, kisha 300, na mbele ya nyumba ya juu shilingi 600 zote ni za mwenyewe. Jumla nyanya ametoa 100, na bwana wa juu, ambaye huenda hajapata kuona tope mlangoni kwake, ametoa 1,470. Zote pamoja ni 3,600. Kama watu wataridhiana kugawana sawasawa, 600 kila nyumba, hapana neno, kupatana ni kheri. Lakini waridhiane hali wakijua kwamba mjane amewasamehe kitu, si kwamba wao wamemsaidia.

Hapa yataka nikwambie jambo usilolipenda. Fedha ulizotumia mara ya pili huna nguvu ya kuzidai. Mwenye kuifanya kazi ya shirika bila ya kupatana na washirika wake, wala idhini ya kadhi, huhesabiwa kuwa amejitolea. Thawabu yako haikupotea, kwani umekwisha kusikia khabari ya yule mtu aliyeondoa tawi la miba njiani Mwenyezi Mungu akamghufiria. Lakini thawabu ni kitu kimoja na deni ni kitu kingine. Mara ijayo waite wote sita barazani kabla ya kushika koleo, wakubaliane mbele ya imamu wa msikiti, na mwandike.

Zaidi ya hayo, kuna uchafu wenye mwenyewe, nao hauingii katika hesabu ile. Umetueleza kwamba chini ya tope ulikuta mchanga wa ujenzi, na kwamba nyumba ya tatu ilijenga ghorofa mwaka jana ikarundika mchanga kando ya mtaro. Mchanga huo utatolewa na aliyeuweka, kwa mali yake. Kadhalika ikiwa ukuta wa mtaro umebomoka, hilo ni la mwenye nyumba wala si la mpangaji. Mpangaji yu juu ya matumizi yake: mafuta ya kupikia anayoyamwaga yakaganda, machicha ya nazi, magamba ya samaki, nepi za watoto. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, nayo yapita njia hiyo hiyo. Afisa wa afya humpa ilani aliyesababisha uchafu, au anayekaa katika nyumba au mwenyewe, na kama kasoro ni ya jengo, ilani humwendea mwenye jengo. Na kama aliyesababisha hapatikani, na wenye nyumba hawana kosa, afisa yapasa auondoe mwenyewe.

Ama ule mtaro mkubwa wa barabara si wa mtu katika nyinyi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imeiweka mitaro ya maji ya mvua ya mijini, na uzoaji wa taka, mikononi mwa serikali za kaunti. Basi kabla ya kugombana tazameni: je, mtaro mkubwa wenyewe wapitisha maji? Kama umejaa, mkizibua wa kwenu mara kumi utarudi mara kumi. Hapo andikeni barua kwa kaunti, mtie saini nyumba zote sita, mtaje mahali na siku, na mbaki na nakala. Barua ya watu sita husomwa upesi kuliko makelele ya mmoja. Msikae mkingojea majibu lakini, kwani mbu hawangojei. Mbu wa maji machafu, ambao wataalamu huwaita Culex, ndio wachukuao vijidudu vya matende na mshipa, maradhi ambayo mwambao wetu wayajua tangu zamani. (Wala mtu asidhani kwamba mtaro ukiwa safi amesalimika na yote. Homa ya chikungunya iliyoingia Lamu mwaka 2004, na Mombasa mwishoni mwa 2017, huchukuliwa na mbu wa aina nyingine, apendaye maji safi ya mitungi na mapipa yasiyofunikwa. Huyo yumo ndani ya nyumba zetu.)

Na sasa kazi yenyewe, maana barua yako yaonyesha kwamba uliifanya kwa nguvu nyingi na hila chache. Wasema ulianza juu ukisukuma kwa ufito kuteremka. Ndiyo sababu uliziba tena baada ya siku chache: tope lote la kichochoro ulilisukuma likamfikia nyanya! Anza chini, penye mdomo unaoingia mtaro mkubwa, na upande. Tazama kwanza wapi maji yamesimama na wapi ni pakavu, kwani kizuizi ki katikati ya mahali pawili hapo. Vaa viatu vya mpira na glavu, na kama una kidonda mkononi mwachie mwenzio. Tope lichotwe kwa koleo, litiwe katika magunia. Usilirundike kando, maana mvua ya kwanza italirudisha. Yachujike maji, kisha yapelekwe jaani penye ruhusa, yasipelekwe pwani. Penye mfuniko fungua kwa fimbo, urudi nyuma, upungue ule mvuke. Wala usiingie kamwe ndani ya shimo lililofunikwa, hata kama ni la kimo cha mtu, hata kama umeangusha simu. Mna hewa inayoua kabla hujapiga ukelele, na anayeingia kukutoa hufa juu yako. Mkimaliza mwageni ndoo kumi za maji kutoka nyumba ya juu, na mtu asimame chini aone yakipita.

Mkimkodi mtu kwa kazi hiyo, mpeni ujira wake kabla jasho halijakauka, kama tulivyoamrishwa, na maji ya kunawa, na chai katika kikombe kile kile mnywacho nyinyi. Nalisema hili kwa kuwa naona nyumba nyingine hutenga kikombe. Yule aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.) alipokufa akazikwa bila ya Mtume kuambiwa, aliwalaumu masahaba zake, akaenda kaburini akamsalia.

Ukienda kwa bwana wa juu kutaka mapatano, usiende na barua hii mkononi kama askari. Mwende wewe na nyanya, naye aseme kwanza, kwa ile miaka arubaini. Kisha msimulie khabari mbili za maji. Ya kwanza ni ya Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alishukia kwake Madina akakaa chini, na mwenyeji akakaa juu. Usiku mtungi ukavunjika, na Abu Ayyub na mkewe wakaukausha mchirizi kwa blanketi lao, na hawakuwa na jingine la kujifunika, kwa kuchelea tone lisimwangukie aliye chini yao. Ya pili imo katika Musnad ya Imam Ahmad, ingawa wenye elimu ya hadithi wameona kukatika katika sanadi yake. Mchirizi wa nyumba ya Abbas (r.a.) ulimwagia Sayyidna Umar (r.a.) maji yenye damu ya vifaranga akiwa katika nguo za Ijumaa, akaamuru ung'olewe. Abbas akamwambia kwamba aliyeuweka pale ni Mtume mwenyewe. Umar, naye ni Khalifa, akamwapiza Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Mwenye nyumba ya tatu pia asimuliwe hii, kwani ameona haya kukiri mchanga wake.

Limebaki swali la nguo. Tope la njia ambalo ni vigumu kuliepuka, katika madhhebu yetu husamehewa kiasi chake, maadamu hulioni dhati ya najisi ndani yake. Lakini wewe hukupita njiani ukarukiwa. Uliingia mtaroni kwa kusudi, na maji yale yamegeuka rangi na harufu kwa uchafu wa vyoo. Hayo ni najisi. Zivue, uzifue mpaka iondoke rangi na harufu, na ikiwa doa lakataa kutoka baada ya juhudi hapana dhambi. Uoge, usali katika nguo nyingine. Na ile kanzu uliyotuandikia kwamba ilirukiwa siku ya kwanza ukaisalia adhuhuri hali ukijua, irudie sala hiyo moja.

Wallahu aalamu.