Ibada Isiyovuka Mlango wa Kanisa



Sisi wakristu wa Nyangezi tunapenda kusali. Mapadri Weupe walifungua misioni hapa mwaka 1906, na wazee wetu walijua kufanya alama ya msalaba mbele ya kujua kuandika majina yao. Hata leo, siku ya Mungu ikifika, watu wanashuka toka vilimani, mama na mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake, na kanisa linajaa. Kwa jambo hilo twamshukuru Mungu.

Lakini leo tutasema neno lisilo tamu, nalo latuhusu sisi wenyewe kwanza.

Si zamani, shirika moja lilijitayarisha kwa sikukuu ya Mtakatifu msimamizi wake. Ikakatwa shauri kwamba kila mama avae kikwembe cha rangi moja, na pesa zikachangwa. Siku zilezile mama mmoja wa shirika hilo alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, naye alikaa katika hospitali moja juma la tatu. Mtoto alikuwa mzima, na mama alikuwa mzima. Kilichowafunga pale ni deni, kwa maana hakuna aliyelipa. Sikukuu ikafika. Vikwembe viling'aa, nyimbo zilipanda, ndizi na kuku zilipelekwa mbele ya altare. Katika maombi ya waamini tuliwaombea wagonjwa wote. Jina la mama yule halikutajwa, na sisi tuliosoma maombi yale tulikuwa tunalijua.

Basi twauliza: Mungu alipokea ibada gani siku ile?

Wengine watatujibu upesi: «Mungu anastahili heshima kubwa. Hata Bwana wetu alimtetea mwanamke aliyemmiminia manukato ya bei kali kule Betania, akasema masikini tunao siku zote.» Ni kweli. Wala sisi hatusemi kwamba altare ikae bila kitambaa na padri avae matambara. Lakini mwanamke yule alitoa mali yake mwenyewe kwa upendo. Hakununua manukato ili aonekane mbele ya wenzake. Tena, neno lile juu ya masikini Yezu hakulianza yeye: limo katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 15. Tulisome mpaka mwisho. Pale Mungu hasemi kwamba, kwa kuwa masikini hawataisha, tuwazoee. Anaamuru tumfungulie mkono ndugu mwenye shida. Anayekata neno la Mungu katikati ili alinde pesa yake, huyo hamtetei Mungu.

Wengine watasema kinyume: «Basi tuache sala ndefu. Dini ni kusaidia watu, imetosha.» Hao nao wamepotea njia. Mtu asiyesali atasaidia leo, na kesho atachoka. Atawasaidia wanaomshukuru, atawaacha wanaomtukana. Chemchemi ikikauka, mto hauendi mbali. Hatusali ili tuache kuwahudumia watu, wala hatuwahudumii watu ili tuache kusali. Amri mbili za upendo ni kama miguu miwili, na mwenye kukata mmoja hatembei.

Manabii hawakuficha jambo hili. Amosi alisema kwamba Mungu anachukia sikukuu na nyimbo za watu wanaowaonea wanyonge. Isaya, katika sura ya 58, aliwafundisha wenye kufunga kwamba mfungo unaompendeza Mungu ni kuvunja minyororo na kumgawia mwenye njaa chakula. Bwana wetu mwenyewe alituamuru tuache sadaka yetu mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Na katika karne ya 4 Mtakatifu Yoane Krisostomo aliwakaripia wakristu waliomvika Kristu hariri kanisani na kumwacha nje akitetemeka kwa baridi katika mwili wa masikini.

Je, hayo ni ya zamani na ya mbali? Hata kidogo. Sisi tulikuwa watoto wadogo mwaka 1996, lakini wazazi wetu wametusimulia. Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliwatetea wenyeji, aliwatetea na wakimbizi wa Rwanda, wakati kila upande ulitaka awe wake peke yake. Vita ilipofika Bukavu hakukimbia. Tarehe 29 mwezi wa kumi aliuawa pale Nyawera, katikati ya mji. Siku mbili baadaye, Mabruda Wamarista wane waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Bugobe, kwa kuwa hawakukubali kuwaacha watu wale. Sisi wa Nyangezi twawajua Wamarista, maana wamewafundisha vijana wengi wa hapa.

Mtu atasema: «Hao ni askofu na watawa. Mimi ni mlei, nina kazi na watoto.» Haya, amtazame mlei. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akisali pamoja na wenzake na kuwapenda watoto wa barabarani, wale tuwaitao maibobo. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vinavyopita mpakani. Mwaka 2007 walitaka kumpa rushwa ili mchele ulioharibika uingie sokoni, akakataa. Walimkamata, wakamtesa, wakamwua mwezi wa saba, naye alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Alitufundisha nini? Kwamba anayelishwa na Kristu altareni hawezi kuwalisha watoto wa Kristu sumu sokoni. Misa yake haikuishia mlangoni pa kanisa. Ilifika mpakani, mezani pa kazi yake.

Na sisi je? Yuko mwimbaji wa sauti nzuri ambaye kopo lake la kupimia maharagi limebonyezwa chini. Yuko mwenye kushika rozari kila jioni ambaye hajamlipa kijana aliyemlimia shamba. Na sisi wakatekista, tuliosomeshwa seminarini, tusijifiche. Twawauliza wanaotaka Sakramenti kama wanazijua sala kwa moyo na kama wamelipa mchango. Ni lini tulipowauliza kama wamemtembelea jirani mgonjwa? Twaandika majina ya waliokosa sala, wala hatuendi kujua kwa nini wamekosa.

Basi, tufanye jambo dogo, lakini tulifanye kweli. Kila mkutano wa shirika, mbele ya wimbo wa kwanza, kiongozi aulize: «Nani hayuko leo, na ana shida gani?» Wawili wachaguliwe kwenda kwake juma hilohilo. Na mbele ya kuchanga pesa za sikukuu, tuangalie kwanza kama yuko mwenzetu aliyefungwa na deni la dawa. Tukimtoa huyo, tutaimba hata kwa vikwembe vya zamani, na sikukuu itakuwa sikukuu.

Mama yule alitoka mwishoni. Mume wake aliuza shamba la mihogo, akalipa. Siku ya Mungu iliyofuata mama alikuja kanisani na mtoto wake, akakaa nyuma, akaimba pamoja nasi bila kulalamika. Wakati wa kutakiana amani alitunyoshea mkono. Tuliupokea kwa haya.

Haya ile, Mungu atusaidie tusiisahau.